Mguu Mzito

Pilau ya msiba wa Fundi Rajabu ilikuwa na mafuta mengi mpaka yameganda ukingoni mwa sinia. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, tonge liko mdomoni, nikasikia upande wa pili wa turubai, walikokaa wanaume, mtu anasimulia habari ya pikapu ya shangazi yangu. "Ile otomatiki ya Mama Masalu, mnaikumbuka? Ilikuwa inapiga teke kama punda. Marehemu akaja, hakufungua hata nati, akaweka sikio tu, akasema hapa gari haina ugonjwa, mgonjwa ni mguu. Basi! Mpaka leo inatembea." Wenzake wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema Mungu amlaze pema, mwingine akasema mafundi kama wale hawazaliwi tena. Lile tonge nikalitema kiganjani, nikalifunika na khanga, nikatoka nje kama mtu anayekwenda kunawa.

Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimefundwa. Lakini kama aliyekufa hasemwi vibaya, basi na aliye hai asisingiziwe, na huo mguu mgonjwa wa kwenye hadithi yao ni huu wangu wa kulia, ambao asubuhi ileile ulikuwa umeendesha basi la shule kutoka Buzuruga na watoto wamesinzia njia nzima bila kugonga vichwa kwenye vioo. Watu wananiambia kumbukumbu ni kazi ya wazee, wewe bado mbichi. Sawa. Wazee wa mtaani kwetu wanakumbuka wanavyotaka wao, na nikisubiri nizeeke nitakuta wameshamaliza. Habari za nani alinizaa na nani alinisomesha naziruka, hazihusiani na gia boksi. Naandika mwaka mmoja tu, ule mwaka baada ya kidato cha nne, na naandika kwa sababu nimechukizwa.

Matokeo yalitoka, jina langu halikuwemo kwa wanaoendelea na kidato cha tano, na Shangazi Kabula akasema nisikae nyumbani kulia, nije Mkolani nimsaidie. Alikuwa anafanya biashara ya dagaa. Anachukua magunia mwaloni, pale soko la samaki ufukweni, anayapeleka Buzuruga kwenye mabasi ya mikoani, na mara nyingine anavuka ziwa kwenda Sengerema kuleta maharage na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Alinipeleka kujifunza udereva kwa sababu Masalu, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekataa kuendesha. Alisema dagaa wananukisha mashati. Kwa hiyo mimi ndiye nilikubaliwa ninuke. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo: kitanda, magunia mpaka dirishani, tairi kuukuu ambalo nililifanya meza, na harufu ambayo nikiamka asubuhi nilikuwa naihisi kwenye ulimi kabla sijaihisi puani. Lakini nilikuwa nimepewa ufunguo wa gari. Nilikuwa nalala nao chini ya mto. Wenzangu waliokwenda kidato cha tano walikuwa na sare mpya na masanduku, mimi nilikuwa na ufunguo, na sikuona kama nimepungukiwa. Huo ndio ukweli wangu wa mwaka ule: nilitaka kuwa dereva wa ile pikapu, nibaki dereva wa ile pikapu, na sikutaka kitu kingine chochote.

Pikapu yenyewe zamani ilikuwa nyeupe. Ilikuwa otomatiki, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake, maana pikapu zote pale mwaloni zilikuwa za gia ya mkono, na madereva waliiita "gari ya mama wa ofisini". Kabla sijaanza kazi Shangazi aliipeleka kwa Fundi Rajabu, jirani yetu, ikaangaliwe, kwa kuwa ilikuwa inachoka mlimani. Ikarudi jioni, imefutwa vumbi, na Shangazi akanikabidhi. Kesho yake nikakaa kwenye usukani, Shangazi pembeni yangu na chupa ya chai mapajani, nikaweka gia, nikatoka taratibu kama nilivyofundishwa. Injini ikaanza kulia. Nikangoja iingie gia ya pili. Haikuingia. Ikalia tena, ikalia mpaka nikaona aibu, halafu ghafla ikapiga. Teke! Kama mtu amekuja nyuma ametubamiza na gogo. Shingo ikaenda mbele ikarudi, gunia la juu likaanguka barabarani, na chai ya Shangazi ikamwagikia kwenye kitenge. Ya tatu nayo ikawa hivyohivyo.

Shangazi alijifuta. Halafu akasema, "Minza, una mguu mzito."

Basi. Ndivyo lilivyozaliwa lile neno. Jioni lilikuwa limeshafika mezani kabla ya ugali. Tulikuwa tunakula sebuleni, ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na dagaa wa nazi, na Masalu, ambaye ana tabia ya kutafuna huku anaongea mpaka unaona chakula kinavyozunguka, akasema, "Mama, otomatiki inajiendesha yenyewe. Mtu akishindwa otomatiki, huyo hata baiskeli usimpe." Nikamwambia kaka Masalu, kesho panda wewe basi. Akasema yeye hapandi gari inayonuka. Shangazi akamwambia anyamaze, kisha akanigeukia mimi kwa sauti ya huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma: "Mwanangu, kanyaga polepole. Ibembeleze."

Nikaibembeleza. Nilivua viatu nikaendesha peku ili mguu uhisi. Niligusa pedeli ya mafuta kama mtu anayegusa jipu. Na kadiri nilivyogusa taratibu ndivyo ilivyozidi kupiga. Nikitoka pole, teke. Nikiteremka Mkolani na mguu umeelea tu juu ya pedeli, teke. Wapakizi wa mwaloni wakawa wakiniona wanajishika viuno: "Jamani, huyo Teke anakuja, shikeni mizigo!" Kila mtu alikuwa na somo la kunipa. Muuza maji alinifundisha. Mwalimu wa madrasa, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alinifundisha. Wote walisema kitu kimoja, punguza mguu, na mimi nilikuwa nimeshaupunguza mpaka nilikuwa karibu nishuke nisukume.

Jumapili moja nikiwa natoka Buzuruga lori likaniwashia taa nyuma, likapiga honi kwa fujo, nikapandwa na hasira nikakanyaga mafuta mpaka chini. Nikajikaza kungoja teke. Halikuja. Gia ya pili iliingia, ya tatu ikaingia, kwa nguvu lakini bila kupiga, kama gari ya mtu mwingine. Nikaachia, nikaanza kwenda polepole tena: teke. Nikarudia. Nikikanyaga sana, imetulia. Nikibembeleza, inapiga. Nilisimama pembeni ya barabara nikacheka peke yangu. Mimi sikuwa najua chochote kuhusu gia boksi, lakini darasani tulifundishwa jambo moja: kama mguu mzito ndio unaoleta teke, mguu mzito haukutakiwa kuliondoa. Nikaona nimeshinda. Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Rajabu.

Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba, udongo mweusi kwa oili mpaka kuku walikuwa na miguu myeusi. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, kofia ya kiua kichwani imeshiba jasho, na sifa yake mji mzima ilikuwa sikio. Hakupenda kufungua gari. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, na watu wote wananyamaza kama wako kwenye dua. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kufumbua macho. Alikuwa anasikiliza teksi ya mtu. Alipomaliza nikamweleza.

"Fundi, nimegundua kitu. Nikikanyaga sana, haipigi. Nikikanyaga kidogo ndio inapiga."

Akawageukia wale waliokaa kwenye benchi wakicheza drafti. "Mmemsikia? Anakiri mwenyewe. Anakanyaga sana."

"Hapana Fundi, nasema nikikanyaga kidogo..."

"Binti." Akaweka mkono wake wenye oili begani kwangu, kwenye blauzi yangu ya kwenda kanisani. "Gari ni kama ng'ombe. Ukishaichapa sana, hata ukiigusa kidogo inarusha teke. Wewe umeshaichapa."

Benchi zima likacheka, na mmoja akasema hiyo, fundi, ni hekima, iandikwe. Nilibaki na alama ya vidole vyeusi begani. Ile blauzi haikutakata tena, na sikuipenda tena.

Kwa kuwa nilikataa kuondoka, akaona afanye kitu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa kama mahindi yaliyoungua yakachanganywa na samaki wa jana. Akasema haidroliki imechoka. Sasa kwetu haidroliki ni jina la oili yoyote nyekundu, au iliyokuwa nyekundu, au ambayo ingependa kuwa nyekundu. Ya usukani ni haidroliki, ya tipa ni haidroliki, ya trekta ni haidroliki, na ya gia boksi otomatiki nayo ni haidroliki. Nikamuuliza kama zote ni sawa. "Haidroliki ni haidroliki," akasema, akaleta kidumu ambacho nilikuwa nimemwona asubuhi akimiminia tipa la mchanga, akamimina mpaka ikafurika kwenye bomba la moshi, ikaanza kutoa moshi wa bluu. Kwenye gari mle nilivuta ule moshi na harufu ya dagaa mpaka nyumbani, nikafungua mlango nikatapika kwenye maua ya Shangazi. Kesho yake ilipiga zaidi.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Nilijifunza kuwa fundi asiyejua hasemi sijui, anasema tubadilishe. Akabadilisha raba zinazoshikilia injini, zile za zamani zilikuwa nzima, nilizishika mwenyewe. Akabadilisha krosi ya propela. Akasema labda tairi. Kila kitu kiliguswa, isipokuwa kile alichokuwa amekigusa yeye kabla sijaanza kazi, na nilipouliza siku ile ya kwanza alifanya nini, akasema alisafisha tu. Kila mara gari ikirudi, Shangazi anapanda, tunatoka getini, teke, na Shangazi anavuta pumzi puani kama mtu aliyeonja kitu kibaya. Hakunigombeza hata siku moja. Ningependa angenigombeza.

Nyuma ya gereji palikuwa na kibanda cha mama lishe, ukuta wa mabati, na siku moja nilikuwa nimekaa ndani nakula wali maharage huku nangoja gari. Upande wa pili wa bati Fundi Rajabu alikuwa anakula na Masalu. Nilizitambua sauti, na ule utafunaji niliutambua zaidi.

"Otomatiki haina dawa," Fundi alisema. "Tunaishusha, tunaweka ya mkono. Ninayo moja pale, ya mtumba, nzima kabisa."

"Minza gia ya mkono hawezi," Masalu akasema.

"Si ndiyo vizuri? Hamna haja ya kumfukuza mtoto wa watu. Gari yenyewe itamfukuza."

Wakacheka. Masalu akasema siku hizi akienda mwaloni anaona wapakizi wanavyomwita Minza dereva, dereva, ingawa wanamtania, na kwamba yeye mtoto wa mwenye gari anaonekana hana kazi. Kumbe dagaa hawanuki tena. Kumbe harufu ilikuwa haimruhusu mtu mpaka aone mwingine anaheshimiwa ndani yake. Na uongo mwenyewe wa kijinga: nilijifunza udereva kwenye gari ya gia ya mkono, kama kila mtu. Wangeniuliza ningewaambia. Mama lishe alinitazama, akaninong'oneza, "Kula mwanangu, bati halina siri." Sikula. Kwenye maharage kulikuwa na nzi, na hata huyo nzi nilimwona kama yuko upande wao.

Sitasahau kivuko. Daraja lilikuwa bado nguzo tu zimesimama majini, kwa hiyo kwenda Sengerema ilikuwa lazima upande pantoni. Shangazi alinituma kuleta maharage, akaniambia safari hii ikiisha gari inakwenda kubadilishwa gia boksi, na Masalu ataichukua. Alisema akiwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Si kwa ubaya," akasema. Niliondoka na hilo neno tumboni. Asubuhi hiyo hiyo Fundi Rajabu alikuwa amepita kuongeza haidroliki yake, "ya kuiaga."

Kupanda kwenye pantoni unapita taratibu, magari yamebanana, na watu wanapita katikati na mizigo. Nikagusa pedeli kwa kidole gumba cha mguu, nakuapia, kidole gumba tu. Ikalia, ikapiga, ikaruka mbele nikashika breki kwa miguu yote miwili. Bampa ikaangusha tenga la nyanya la mama mmoja. Mama mwenyewe hakuguswa, lakini nyanya zilisambaa chini ya matairi, na pantoni nzima ikapata burudani. "Nani kampa huyu gari?" "Dada, hiyo si mashine ya kusagia!" "Shuka, shuka, mpe mwanaume akupandishie!" Nilishuka nikapiga magoti naokota nyanya zilizopasuka, juisi yake imechanganyika na oili ya sakafuni, na yule mama akaokota pamoja nami. Nilimwomba radhi, akasema, "Yameshapita, binti yangu." Mtu mmoja aliyemjua Shangazi alikuwa ameshampigia simu kabla hatujafika ng'ambo.

Wakati wa kurudi, pale Busisi ng'ambo kwenye foleni ya pantoni, mbele yangu palikuwa na pikapu kama yangu. Si kufanana tu, ilikuwa pacha: umbo, taa, hata kutu ya mlangoni. Dereva wake alikuwa sista wa kanisa, mtu mzima, gauni la kijivu, miwani imefungwa na uzi. Niliiona ikisogea kwenye foleni. Inasogea, inasimama, inasogea. Laini. Nikashuka.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Unataka lifti au maji?"

"Nataka kuangalia injini yako."

Alinitazama juu ya miwani. "Unaijua injini?"

"Sijui, Sista. Na wewe?"

"Mimi najua kuweka mafuta na kusali. Angalia, lakini usiondoke na kitu."

Nikafungua boneti mbili, ya kwake na ya kwangu, nikawa natazama huku na huku kama mtoto anayetafuta tofauti kwenye picha mbili. Nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa inasogea, watu wanapiga honi. Betri sawa. Mabomba sawa. Kisha pale pedeli ya mafuta inapovuta injini, nikaona kila gari ina waya mbili zinazoshika mahali pamoja. Wa kwanza ulitoka kwenye pedeli. Wa pili nikaufuata kwa kidole, ukashuka nyuma ya injini, ukaingia kwenye gia boksi. Kwenye gari ya Sista huo wa pili ulikuwa umelegea kidogo, ukiubonyeza unacheza. Kwangu ulikuwa umekazwa kama uzi wa zeze. Nati zake zilikuwa zimezungushwa mpaka mwisho, na kana kwamba hiyo haitoshi, ulikuwa umevutwa na kufungwa na waya wa kufungia nondo, umesokotwa vizuri, ncha imekunjwa kwa ndani. Msokoto wa Fundi Rajabu. Ulikuwa kwenye kila geti aliloliziba na kila bomba la moshi alilolifunga pale mtaani.

Nikavuta waya wa pedeli kwa mkono nikaona wa pili unavyofanya kazi, na hapo nikaelewa yote kwa mara moja mpaka nikakaa kwenye bampa. Ule waya wa pili kazi yake ni kuiambia gia boksi mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Gari za mkono hazina waya huo. Fundi, aliyeishi maisha yake yote na gari za mkono, aliona waya mbili, mmoja umelegea, akadhani ni wa mafuta umechoka na ndiyo maana gari haina nguvu mlimani. Akaukaza. Tangu hapo gia boksi ilikuwa inaambiwa dereva amekanyaga mpaka chini, wakati wote, hata nikigusa kwa kidole gumba. Ndiyo maana ilichelewa kubadilisha, ikajaza nguvu, ikapiga. Na nilipokanyaga kweli mpaka chini ikatulia, kwa sababu hapo tu ndipo ilikuwa inaambiwa ukweli. Yule mtu alinisema nina mguu mzito kwa Shangazi, kwa benchi la drafti, kwa mji mzima, na alikuwa ameshaiambia hata gari.

Sista alikuwa na spana na plaizi chini ya kiti. Nilikata ule waya wa nondo, nikarudisha nati mpaka zikalingana na za kwake. Tukapanda pantoni. Gari iliingia kama inateleza kwenye sabuni. Hakuna aliyeona. Wale wa asubuhi waliokuwa wakipiga kelele hawakuwepo, na watu hawapigi kelele wakiona kitu kimekwenda sawa. Ile haidroliki ya tipa ilikuwa bado inanuka, na nilijua lazima itolewe, lakini teke lilikuwa limekwisha.

Nilimkuta Shangazi sebuleni. Sikueleza, nilimwambia tu, panda. Tukazunguka Mkolani yote, kilimani na mteremkoni. Gia ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Shangazi alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na taratibu mikono ikashuka, ikalala mapajani. Alitabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile mwaka ule wote.

"Kumbe Rajabu kaipatia," akasema.

Nikasimamisha gari palepale, katikati ya barabara. Nikamwekea kile kipande cha waya mapajani, nikamweleza kila kitu, wa kwanza, wa pili, pantoni, Sista, yote. Alisikiliza. Aliugeuza ule waya, akauangalia msokoto, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameutambua. Pikipiki iliyokuwa nyuma yetu ikachoka kupiga honi ikapita.

"Mume wangu alipofariki," akasema, "watu walikuja msibani wakala wakaondoka. Rajabu alichimba kaburi. Kwa mikono yake, na si dini yake."

"Sawa, Shangazi. Lakini waya..."

"Mtu mzima haaibishwi, Minza. Nenda gereji, umpe shikamoo, mwambie gari imepona, mwambie ahsante. Ukirudi, ufunguo ni wako, na Masalu nitamwambia mimi."

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Masalu na Fundi walikuwa na ujinga wao, ujinga nauelewa. Lakini Shangazi alijua. Alikuwa na ukweli mapajani, akawa ananiuzia kazi yangu mwenyewe kwa ahsante. Hata leo, nikiwa nimeshakutana na makaburi kadhaa na nimejua kuchimba si kazi ndogo, naona deni lilikuwa la kwake. Mguu aliotaka kulilipia ulikuwa wangu.

Nilikwenda. Benchi lilikuwa limejaa. Fundi Rajabu alikuwa ameinama kwenye teksi ileile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Imetulia?"

"Imetulia."

"Si niliwaambia?" Akasimama, akajipangusa kwenye kanzu ya kazi. "Haidroliki ikishazoea, na mguu ukishakuwa mwepesi, gari inasamehe. Mnamwona? Amejifunza." Benchi likaitikia, hongera binti, hongera fundi. Wote walikuwa wananingoja niseme neno moja. Nilifungua mdomo kulisema. Nilikuwa nalo kabisa, liko kwenye meno. Harufu ya ile oili ikanipanda puani, nikaona vidole vyake vinakuja tena begani kwangu, nikarudi nyuma hatua, nikatoa ule waya mfukoni.

"Nimekuletea waya wako, Fundi. Ulikuwa umefunga waya wa gia boksi. Nilipoukata ndipo ikatulia."

Drafti zilisimama. Alikitazama kile kipande cha waya, akakichukua, akakinyoosha kwa vidole, akakipima urefu. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, hata kidogo, hata ya kope. Hakuna. "Waya mzuri huu," akasema. "Bado mzima." Akainama chini ya ile teksi, akafunga nao bomba la moshi, akasokota, ncha akakunja kwa ndani. Akatoa kichwa. "Watoto wa siku hizi waaminifu jamani, mtu anarudisha mpaka waya!" Benchi likaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekwenda na ushahidi, nikaondoka nimeuacha unashikilia ekzosi ya mtu.

Nyumbani sikuulizwa. Habari ilikuwa imeshanitangulia, ya waya, ya kicheko, ya ahsante ambayo haikusemwa. Nikauweka ufunguo mezani karibu na chupa ya chai, na Shangazi akautazama kwa muda mrefu kama anaungoja useme kitu, halafu akainuka kwenda jikoni. Asubuhi ulikuwa mkononi mwa Masalu.

Gia boksi haikubadilishwa, kwa nini ibadilishwe? Masalu alitoka nayo getini amevaa shati jeupe, kiwiko nje ya dirisha. Mimi na Shangazi tulikuwa uani tunaanika michembe, na jirani yetu wa upande wa juu alikuwa amesimama kwenye ua na ndoo kichwani. Tukaisikia inapanda kilima. Niliisikia ikiingia gia ya pili, nikaisikia ikiingia ya tatu, hakuna teke, hakuna kilio, laini mpaka juu kabisa ilikopotelea.

"Umeona, Mama Masalu?" jirani akasema. "Gari ni ileile. Ilikuwa inataka tu mguu mwepesi wa kiume."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ananitazama mimi, kiganja kimejaa michembe, na sote wawili tulijua.

"Kweli," akasema.